Anti, kila taa ya bodaboda naiona na pete zake

Shikamoo Anti. Najua na mimi ni mtu mzima, nina miaka 58, ila nimesikia ulikuwa nesi wa macho miaka mingi kabla hujastaafu kwahiyo leo naomba nipokee kama mdogo wako tu.

Mimi ni karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, huku Nachingwea, kazi yangu ni mizani na daftari, mwezi wa sita ufuta, mwezi wa kumi korosho, sasa huu mwaka wa 19. Mwaka jana msimu wa korosho nikaanza kuona kama natazama kupitia nailoni, nikadhani miwani imechuja nikabadilisha, wapi. Wakanipima wakasema mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kijana wangu wa Dar akaniambia baba usifanyiwe hii ya kawaida, kuna lenzi ya kisasa inaitwa multifokali, unaona mbali unaona karibu, miwani unasahau kabisa, na hospitali nayo wakanambia hivo hivo, mzee hutavaa miwani tena. Basi nikatoa hela ya korosho ya misimu miwili, binti yangu mwalimu akakopa saccos, wengine wakachanga, mwanzoni mwa mwezi wa tatu nikafanyiwa jicho la kulia, baada ya wiki tatu la kushoto.

Operesheni yenyewe wala sio ya kusimulia, haiumi na haichukui muda. Na walipofungua bandeji Anti nilitaka kulia, lile shati langu ambalo miaka yote nalijua la krimu kumbe jeupe! Nikasoma gazeti mchana bila miwani, kijana akanirekodi video akaitupa kwenye grupu la familia, watu wakapiga makofi wee.

Balaa lilianza njiani tunarudi. Basi lilichelewa, tumeshavuka daraja la Mkapa zamani, giza limeingia, kila gari linalokuja mbele naona taa zake zina pete tatu nne zimezungukana kama umetupia jiwe kisimani, na pembeni miale imetawanyika kama utando wa buibui. Nikajua ni uchovu. Mpaka leo zipo. Pikipiki yangu usiku nimeiacha baada ya kukwepa bodaboda aliyekuwa mbali kabisa nikaishia kwenye mkorosho wa watu. Simu nayo, nikiisogeza mbali kama nilivyozoea ndo maandishi yanapotea kabisa.

Lakini kilichonifanya niandike ni hiki. Wiki iliyopita tulipima ufuta mpaka saa mbili usiku, magunia yalichelewa kufika, balbu moja juu ya mizani, zile namba nyekundu za mizani naziona zina kivuli. Nikaandika 61. Mama mwenye mzigo akasema baba karani mbona hapo ni 67, nikamwambia mama mimi kazi hii nimeianza hujajua hata ufuta unapandwaje. Kijana wa ghalani akachungulia akasema ni 67 kweli, nikaona wananionea tu, nikawa mkali, risiti ikatoka 61. Usiku nimelala chali naangalia dari, najua kabisa ilikuwa 67.

Nimepita kwa mtaalamu mmoja wa macho, kanimulika dakika tano akasema kuna utando unaanza nyuma ya lenzi, nipigwe leza hata wiki hii utaisha. Jirani yangu anasema plastiki ndani ya jicho inaoza baada ya miaka kumi, mwingine kaniletea asali ya nyuki wadogo nitie matone. Presha ninayo kidogo, sukari wamepima hamna. Watoto wakipiga simu baba unaonaje nasema naona vizuri sana, mke wangu peke yake ndo anajua.

Anti nimeharibiwa? Leza nipigwe? Na mwezi wa kumi korosho zikianza, tunapima mpaka usiku, nitaweza kweli au nikabidhi daftari?

Karani, Nachingwea

---

Marahaba mdogo wangu, nimekupokea. Na pole yangu ya kwanza wala sio ya macho, ni ya kukaa na jambo hili peke yako tangu mwezi wa tatu huku grupu la familia linapiga makofi.

Nianze na hili la kuharibiwa maana ndo linakunyima usingizi. Jicho lako sijaliona, ila kwa ulivyoandika sisomi kuharibiwa, nasoma lenzi inafanya tabia yake ambayo ulitakiwa uambiwe kabla hujatoa hela. Iko hivi, ile lenzi uliyozaliwa nayo ilikuwa laini, ukitazama karibu inavimba kidogo, ukitazama mbali inalala. Ukishapita miaka 40 inaanza kuwa ngumu, ndo watu wazima wote tunaanza kusogeza barua mbali mpaka mkono unaisha. Ya bandia haijikunji. Ile ya kawaida wanayowekewa wengi kwenye kambi za macho ina kituo kimoja tu, mara nyingi cha mbali, cha karibu unavaa miwani ya kusomea na maisha yanaendelea. Sasa hiyo yako imechongwa viduara viduara kama kitunguu ulichokikata katikati, mwanga ukiingia unagawanywa, fungu la mbali na fungu la karibu, na mafungu yote yanatua nyuma ya jicho kwa wakati mmoja, ubongo ndo unachagua lipi la kusoma. Fungu lisilochaguliwa haliendi popote, linabaki limetapakaa kuzunguka kile kitu chenye mwanga. Mchana halionekani maana kila mahali kuna mwanga, ila usiku, giza tupu na taa moja kali ya bodaboda, na mboni yako imefunguka sana kutafuta mwanga, hapo ndo linajichora pete. Wewe huoni vitu visivyokuwepo.

Na ile 67 ni ndugu yake huyo huyo. Mwanga ukigawanywa kila picha inapata kidogo, kwahiyo kitu hafifu juu ya kitu hafifu kinakusumbua, penseli kwenye karatasi ya kaki, ngazi ya sakafu wakati wa magharibi, mbuzi mweusi barabarani. Saba ya mizani ni moja yenye kijiti juu, basi. Balbu moja, namba nyekundu yenye kivuli, kijiti kikameza. Hukuwa mlevi wala hukuwa mwizi. Ila ukali ule, hapo sikutetei.

Zinaisha? Zinafifia. Ubongo unajifunza kuzipuuza kama mtu aliyehamia jirani na mashine ya kusaga, wiki ya kwanza halali, baada ya miezi anauliza mashine gani. Wengi inawachukua miezi mitatu mpaka sita, wengine mwaka, na hesabu anzia jicho la pili maana ubongo unajifunza vizuri yakiwa yote mawili. Wewe hata miezi mitatu ya jicho la pili hujamaliza. Wachache hawazoei kabisa, wapo, sitakudanganya, na hao lenzi inaweza kutolewa ikawekwa ya kituo kimoja.

Na hapo ndo naingia kwenye leza, soma hapa taratibu. Lenzi yako imekaa ndani ya kimfuko chembamba sana, ni ganda la lenzi yako ya zamani. Nyuma ya hicho kimfuko kwa watu wengi baadae huwa panajenga ukungu, wengine tunauita mtoto wa jicho wa pili, na leza inatoboa katundu katikati mwanga upite. Ni kazi ya dakika chache na inasaidia sana, kwa mwenye huo ukungu. Tatizo ni kwamba katundu hakazibiki tena, na kimfuko kikishatobolewa kutoa lenzi na kuweka nyingine kunakuwa kugumu na kwa hatari zaidi. Kwahiyo anaelalamikia pete haharakishiwi leza mpaka ijulikane anaelalamikia nini hasa. Jiulize hivi: shida ilianza lini? Ukungu kwa kawaida unakuja polepole, mtu anaona vizuri alafu baada ya miezi au miaka anaanza kufifia hata mchana. Wewe pete umeziona usiku wa kwanza ndani ya basi, na mchana gazeti unasoma mpaka leo. Mimi hiyo nasikia lenzi, sisikii ukungu. Yawezekana ukungu kidogo upo kweli, sibishani na aliyemulika, ila dakika tano hazitoshi kuamua kitu kisichorudishwa. Muulize maswali mawili: huu ukungu ndo chanzo cha pete au upo tu? Na tukipiga leza alafu pete zikabaki, tutakuwa tumefunga mlango wa kubadilisha? Asipokujibu vizuri, chukua miguu yako uondoke. Na kwa upande mwingine usikae miaka mitatu ukisema nazoea nazoea, lenzi ikikaa sana inashikana na kimfuko, kuitoa nako kunakuwa kazi. Ikifika mwezi wa tisa hali iko vile vile, rudi kwa aliyekufanyia ukaongee habari ya kubadilisha waziwazi.

Kabla ya hapo lakini kuna vitu vidogo vinaweza kuwa ndo vinakuzidishia, na nashangaa hakuna aliyeviangalia. Nitaanza na salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho. Wewe unakaa Nachingwea, mwezi wa sita, mikorosho inapulizwa, asubuhi ukiamka ukungu wa njano uko juu ya miti mpaka kwenye sahani za uani. Macho ya kila mtu yanawasha, sembuse yako yaliyokatwa juzi? Baada ya operesheni jicho linakauka miezi kadhaa, na jicho kavu lenye lenzi ya viduara ni sawa na kioo cha gari chenye matone, kila taa inachanika. Jipime usiku mmoja, kaa barazani tazama taa moja ya mbali, pepesa macho mara tatu nne taratibu. Zile pete zikitulia kidogo alafu zikarudi, ukavu unahusika. Waulize hospitali matone ya machozi bandia, sio yale ya kuondoa wekundu wala sio ya antibayotiki ya jirani, na siku za kupuliza usikae shambani, hata miwani ya kuzuia vumbi kama ile ya wachomeleaji vyuma, ila yenye kioo kisicho na rangi, ivae.

Cha pili ni namba ya miwani iliyobaki. Kwenye lenzi ya kawaida ukibakiwa na namba ndogo hata hujui, kwenye hii yako hata robo tatu ya namba inaharibu shughuli. Nenda ukapimwe macho upya kama mtu anaetaka miwani, na upimwe jioni ikiwezekana, wakikuwekea kioo cha majaribio ukaona pete zimepungua basi dawa yako ni miwani ya usiku. Najua utanuna! Utasema nimelipa ili nisivae miwani. Mdogo wangu, hilo neno hutavaa miwani tena limenisumbua masikio miaka yote ya kazi, wanalisema kama mtu anauza kitenge. Hakuna aliyekuuliza unafanya kazi gani, saa ngapi, chini ya taa gani, na unaendesha nini usiku? Dereva wa usiku na karani wa mizani ya saa mbili wangeambiwa wazi, unaweza ukapata gazeti ukapoteza barabara, chagua. Ungeweza kuchagua hii hii, ila ungechagua unajua. Sasa imeshaingia, ukivaa miwani kwa masaa mawili ya usiku na mengine 22 huvai, umekosa nini?

Simu acha kuisukuma mbali. Hiyo ni tabia ya macho ya zamani. Lenzi hizi kituo chake cha karibu mara nyingi kiko kama sentimita 40, pungufu kidogo ya dhiraa moja. Weka kiwiko mezani, simu ikae usawa wa kiganja chako, isogeze mbele nyuma polepole mpaka herufi ziamke, ukishapata hapo ndo kituo, kikariri. Na taa itoke nyuma ya bega lako imulike karatasi, isikutazame usoni.

Waangalie pia kule nyuma ya jicho, kwenye retina, pale picha inapotua, wakuwekee dawa ya kupanua mboni. Wengine wiki kadhaa baada ya operesheni panavimba katikati na uoni unashuka, inatibika kwa matone. Kila asubuhi funga jicho moja tazama fremu ya mlango, kisha lingine. Ikionekana imepinda, nenda. Na jicho likiuma, likawa jekundu, uoni ukashuka ghafla, ukaona kama radi zinapiga pembeni au vidoa vingi vyeusi vimemwagika au pazia linashuka, hiyo ni siku hiyo hiyo hospitali, usinisubiri mimi nijibu barua. Kwa kuanzia vipimo huna haja ya kukimbilia Dar, pita hospitali ya Ndanda au ya Ligula kule Mtwara ulizia kitengo cha macho.

Asali mrudishie mwenyewe ainywee chai. Sisemi utani, nimeona macho yaliyofanyiwa kazi nzuri yakaoza kioo chake cha mbele kwa sababu ya vitu vya kutiwa tiwa. Na yule wa plastiki kuoza mwambie hivi, lenzi ya kwanza kabisa aliiweka daktari wa Uingereza anaitwa Harold Ridley, London mwaka 1949, na wazo alilipata kwa marubani wa vita waliopasukiwa na vioo vya ndege, vioo vile vilikuwa vya plastiki, vipande vikaingia machoni mwao vikakaa kimya bila jicho kuvikataa. Haiozi, haina tarehe ya mwisho, utazikwa nayo.

Mwezi wa kumi? Daftari usikabidhi. Ila kazi ipange upya. Nunueni taa nyeupe mbili za kumulika, moja kila upande wa mizani, balbu moja juu ya kichwa ni ya kufugia vifaranga. Kijana wa ghalani asome namba kwa sauti, mwenye mzigo airudie, ndo wewe uandike. Hiyo hata mwenye macho ya tai angefaa aifanye, inaondoa ugomvi. Pikipiki usiku hapana kabisa mpaka upimwe, panda bajaji au lala mapema.

Watoto waambie. Sio kwa kulia wala kwa kulaumu, waambie mchana naona vizuri sana na asanteni, usiku kuna pete, nimeambiwa inachukua miezi, na nahitaji nauli ya kurudi kwa daktari. Huyo binti wa saccos ndo umwambie kwanza. Kijana wa Dar akuulizie na kadi ya lenzi, ni kadi ndogo yenye stika zinazoonyesha aina ya lenzi na namba zake, kila jicho na yake. Ipige picha uihifadhi kwenye simu, maana mtu yeyote atakaekugusa macho huko mbele ataitaka, na nyumba zetu hizi mchwa hawasomi.

Na yule mama wa 67, usisubiri akufate. Risiti ina namba yake, ufuta umepimwa mbele ya kijana wa ghalani, nenda na mwenyekiti wenu mrekebishe kitabu kabla ya malipo kutoka. Kilo sita zake.